Mshono, Maji Moto na Mama Mkubwa

Maelekezo ya kutunza mshono wa kujifungua kwa upasuaji hutolewa katika saa mbaya kuliko zote: asubuhi ya kuruhusiwa. Mzazi hajalala, mtoto analia, ndugu wamebeba mabeseni wanauliza bajaji imefika wapi, na nesi ana foleni ya wazazi wengine nyuma yako. Mimi niliambiwa yote niliyopaswa kuambiwa. Kidonda kisilowane mpaka kifunguliwe na nesi. Usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako. Ukiona usaha au homa, rudi. Niliitikia kila neno. Lakini mtu aliyekuwa anakwenda kuiendesha nyumba yangu kwa siku arobaini, mama mkubwa wangu, alikuwa nje ya geti analinda mizigo. Hakusikia hata moja.

Nimeandika kwa ajili ya jambo hilo hasa. Mengine nitayaeleza kadiri yanavyokuja.

Sikwenda hospitali nikitarajia kisu. Uchungu ulianza usiku, njia ikafunguka kidogo ikasimama, na kufikia alfajiri mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa yanashuka kila tumbo linapokaza. Nikasaini fomu. Nikachomwa sindano ya mgongo, miguu ikawa kama si yangu, nikasikia mikono inavuta humo tumboni bila maumivu, kisha sauti ya mtoto. Kuna watakaokwambia hukuzaa, umepasuliwa tu. Wajibu ukiwa na nguvu. Siku zile sikuwa nazo.

Ganzi ilipoisha ndipo nilipoelewa nimefanyiwa nini. Nesi wa zamu ya usiku, mama wa makamo mwenye maneno machache, ndiye aliyenifundisha mambo mawili niliyoyatumia kuliko dawa yoyote. La kwanza: usiinuke kitandani kwa kukaza tumbo. Geuka ubavu, teremsha miguu, kisha jisukume kwa kiwiko na kiganja mpaka ukae. La pili: kunja khanga iwe nene, iweke juu ya mshono na uibane kwa viganja vyote viwili kabla hujakohoa, hujapiga chafya au hujacheka. Nilikuwa na hakika kwamba nikikohoa tumbo litafunguka. Halikufunguka. Ndani kuna tabaka kadhaa zilizoshonwa kila moja peke yake, na uzi wa ngozi ni wa juu tu.

Asubuhi yake, mpira wa mkojo ulipotolewa, yuleyule alinisimamisha na kunitembeza mpaka mlangoni na kurudi. Nilimchukia njia nzima. Baadaye nikajua sababu: mtu aliyetoka kujifungua, tena kwa upasuaji, damu yake huganda upesi, na akilala tu bonge linaweza kujengeka mguuni na kusafiri hadi mapafuni. Kutembea pia ndiko kulikotoa gesi, ambayo siku ile iliniuma kuliko mshono wenyewe. Kwa hiyo tembea, hata kama ni hatua za kobe.

Sasa mama mkubwa. Amewakanda wazazi huko Pangani tangu kabla mimi sijazaliwa, na aliposikia nina mimba alishapanga kuja kukaa nami Tanga mjini. Sitaki asomwe kama bibi mjinga anayepambana na hospitali. Ujuzi wake ni mkubwa. Ndiye aliyenitoa jikoni, akawafukuza wageni wanaokaa mpaka saa tatu usiku, akahakikisha nakula kabla ya mtu mwingine yeyote, akambeba mtoto usiku ili nilale. Hakuna hospitali inayoweza kukupa hayo. Ila ujuzi ule ulitengenezwa kwa ajili ya mwanamke aliyejifungua kwa njia ya kawaida: taulo linachovywa kwenye maji ya moto, linakamuliwa, linakandamizwa tumboni ili damu chafu itoke na tumbo lirudi, kisha tumbo linafungwa khanga kwa nguvu.

Siku niliyorudi nyumbani, maji yalikuwa yanachemka kabla sijavua viatu.

“Mama mkubwa, nina mshono.”

“Nauona, mwanangu. Siugusi. Nitapita juu yake.”

Akapita juu yake kweli, kwa mkono mwepesi kuliko nilivyotarajia. Lakini maji hayajui juu wala chini. Yaliteremka hadi kwenye gozi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, na khanga iliyofungwa juu ikaufungia unyevu humo ndani. Ilikuwa Machi, Tanga, joto la kabla ya masika ambalo hata ukikaa kimya unatoka jasho. Na mkato wangu ni ule wa chini, wa kulala, unaojificha kwenye mkunjo wa tumbo. Mtu mwenye tumbo kama langu baada ya kujifungua ajue kwamba pale pakiachwa hapakauki penyewe.

Ningefanyaje? Kumwambia mama mkubwa “hapana” mbele ya watu, wakati amefunga nyumba yake kuja kunihudumia, si jambo dogo. Anayeweza kusema hapana hiyo bila kuvunja heshima ni mtu mwenye koti jeupe, na mwenye koti jeupe alikuwa ameshamaliza maelekezo yake kwa mtu ambaye hana sauti ndani ya nyumba. Ndiyo maana nasema: asubuhi ya kuruhusiwa, muombe nesi asubiri dakika tano, mwite ndani anayekwenda kukuhudumia, iwe mama, mama mkwe, shangazi au wifi, na maelekezo yarudiwe akisikia. Geti likiwa gumu, piga simu na uweke sauti kubwa.

Maumivu ya mshono hupungua kila siku, polepole. Yangu yalipungua, kisha yakageuka na kuanza kupanda. Kona ya kushoto ikawa ngumu, ya moto kuigusa, ngozi juu yake inang'aa. Jioni nikaanza kutetemeka kwa homa. Nyumba nzima ikasema malaria. Mwingine akasema ni maziwa yamejaa. Vyote viwili vinawezekana, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mtu anaweza kukaa siku kadhaa anameza dawa ya malaria ambayo hakupimwa huku usaha unaongezeka. Ukipata homa baada ya upasuaji, kwanza mshono uangaliwe, halafu upime malaria. Dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri kesho ni hizi: wekundu unaotambaa kutoka kwenye mshono (kwenye ngozi nyeusi utaona weusi uliokolea au mng'ao), joto la mwili la nyuzi 38 na zaidi, usaha, harufu, uzi ulioachia, au damu ya uzazi yenye harufu mbaya. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, usingoje hata bajaji ya jirani. Tafuta gari lolote.

Kabla sijaondoka, ushauri ulishafika mlangoni. Jirani mmoja alileta kapsuli za rangi mbili, tuzipasue na kumwaga unga kwenye kidonda. Mwingine alitaka spiriti. Wa tatu alikuja na ile dawa ya maji ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe ikichanganywa na maji. Wote walikuwa na nia njema, na nawashukuru. Unga wa kapsuli umetengenezwa umezwe. Juu ya kidonda unagandamana na kuwa ukoko unaofungia uchafu chini yake. Spiriti na dawa za kusafishia zinaunguza nyama changa inayojaribu kuota. Hata ile dawa inayotoa mapovu, ambayo wengi tunaiamini kwa sababu tunaona inafanya kazi kwa macho, mapovu hayabagui kati ya kijidudu na nyama yako.

Hospitali alinipokea tabibu kijana. Aligusa kona ile kidogo tu, akaniambia atatoa nyuzi chache za upande huo ili usaha upate njia. Mume wangu, aliyejitapa atashika taa ya simu, alitoka nje mwenyewe bila kuambiwa. Sitaeleza harufu. Nitasema tu kwamba baada ya usaha kutoka, maumivu yalishuka palepale, nikalia kwa raha kabla ya kulia kwa hofu, maana nilipoinua kichwa niliona shimo.

Nikamuuliza kwa nini halishoni tena. Akanieleza jambo ambalo kila mtu mwenye kidonda kilichofunguka anapaswa kulijua: ukikifunga juu wakati ndani hakujawa safi, umeufungia usaha chumba. Kinaachwa wazi, kinasafishwa na kuwekwa gozi kila siku, nyama iote kutoka chini kupanda juu. Kama lingekuwa limeachia tabaka la ndani, lile gumu linaloshikilia tumbo, hapo ningerudishwa theatre. Langu lilikuwa la ngozi na mafuta tu. Alichukua usaha kidogo kwa kijiti, ukapelekwa maabara kuoteshwa ili wajue dawa ipi inaua wadudu waliomo, na akanianzishia antibayotiki ya kuanzia.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililoniponya, kwa maoni yangu. Alimgeukia mama mkubwa, aliyekuwa amesimama pembeni na mtoto.

“Shikamoo mama. Naomba usogee uone.”

Akamwonyesha kina chake kwa kijiti chenye pamba. Mama mkubwa akaangalia muda mrefu. Tabibu hakumuuliza nani alifanya nini. Alimwambia, “Mama, mgonjwa wako anahitaji mtu wa kumhakikishia pakavu. Manesi wangu nawaamini kwa dakika kumi za kumfunga. Saa zilizobaki ni zako.” Akampangia: mikono inawe kwa sabuni kabla ya kumgusa mama au mtoto, khanga zianikwe juani na zipigwe pasi pande zote mbili, maana nguo iliyoanikwa nje bila pasi inaweza kuwa na mayai ya funza wa nguo, wale wanaoingia chini ya ngozi, maji ya moto yabaki kwa mgongo na mabega, tumbo lisiguswe, na miguu isikandwe, mkanda wa tumbo akiutaka mzazi, uwe mkavu na uwe wa kushikilia tu.

Tangu siku ile hakuna aliyepita na taulo bichi karibu yangu. Mama mkubwa alikuwa mkali kuliko nesi. Wifi yangu alifika kunishika tumbo kwa utani akafukuzwa chumbani.

Niliona aibu sana wiki ile. Nilihisi nina uchafu fulani, mwili wangu umenisaliti, na kila aliyeingia chumbani nilidhani ananusa. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu maambukizi ya vidonda vya upasuaji, lilisema barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Hadi mmoja kati ya watano. Wodi yetu ilikuwa imejaa, kwa hiyo sikuwa peke yangu hata kama nilijiona hivyo. Mwongozo huohuo unasema antibayotiki ya kuzuia maambukizi hutolewa kabla na wakati wa upasuaji, si kuendelea kumezwa baada yake kwa ajili ya kujikinga. Niliweka alama hapo, kwa sababu nusu ya watu walionitembelea walishangaa kwamba sikununua dawa za kinga dukani. Dawa nilikuja kuzihitaji kwa sababu kulikuwa na maambukizi, tena zilichaguliwa kwa majibu ya maabara.

Kusafishwa kidonda kila siku ni kazi ya uvumilivu kwa pande zote. Nilijifunza kumeza dawa ya maumivu kama nusu saa kabla. Nilijifunza kumwomba nesi alowanishe gozi ya jana kwa maji ya chumvi ya hospitali kabla ya kuivuta, kwa sababu ikivutwa kavu inaondoka na nyama mpya na unaona nyota mchana. Wengine hawapendi kuombwa. Omba kwa adabu, lakini omba. Gozi mpya huwekwa laini, ijaze shimo bila kushindiliwa. Nilijifunza pia kuangalia, jambo nililoliogopa mwanzoni. Nyama nyekundu yenye vichembe vichembe, inayotoa damu kidogo ikiguswa, ni habari njema. Ute wa njano-kijani, harufu inayorudi, au kingo zinazogeuka nyeusi, mwonyeshe nesi siku hiyohiyo.

Jumapili zahanati ya karibu ilikuwa haifungi vidonda, hivyo nesi alimfundisha dada yangu. Meza ifutwe, kila kitu kiwekwe tayari kabla ya kufungua, mikono inawe, glovu safi, gozi ichukuliwe kwa pembe bila kuigusa katikati, na feni izimwe wakati kidonda kiko wazi. Chupa ya maji ya chumvi ikishafunguliwa haikai siku nyingi, kwa hiyo nunua ndogo. Plasta nayo: ile ya kwanza ilinitoa malengelenge, na kwa siku kadhaa nikawa nauguza ngozi na kidonda kwa pamoja. Kuna plasta laini ya karatasi. Ulizia.

Gharama. Kila mtu huuliza bili ya upasuaji na kusahau yanayofuata. Gozi, glovu, plasta, maji ya chumvi na ada ya kufungwa, kila kimoja ukikitazama ni kidogo. Kilichotumaliza ni usafiri. Mtu mwenye kidonda tumboni hapandi bodaboda kwenye barabara ya mashimo, wala hagombanii daladala; ni bajaji ya kwenda, isubiri, irudi, kila siku, na mara nyingi nauli ilizidi gharama ya kidonda chenyewe. Mume wangu alikuwa anakosa kazi nusu siku kunipeleka. Tungejua mapema, tungeuliza siku ya kwanza kama zahanati ya mtaani inaweza kunifunga, tukabeba karatasi ya maelekezo kutoka hospitali. Tuliuliza tukiwa tumeshatumia akiba ya kodi.

Chakula hakikunisumbua, ila mjadala wake ulinisumbua. Huyu anasema maharage yatampa mtoto gesi, yule anasema mayai yataleta usaha. Mwili unaota nyama mpya na wakati huohuo unatengeneza maziwa. Bila protini utavitoa wapi? Nilikula samaki, dagaa, maharage, mayai, mtori, na machungwa yalikuwa mengi sokoni. Maji nilikunywa mpaka nikachoka, na papai kila asubuhi, kwa sababu hakuna mateso kama kujikamua chooni ukiwa na mshono. Wenye kisukari waangaliwe zaidi. Sukari ikiwa juu kidonda hakifungi hata ukifanya yote mengine sawa.

Wakati wa kunyonyesha niliacha kumpakata mtoto juu ya tumbo, nikawa namweka ubavuni, miguu yake ikielekea nyuma yangu chini ya kwapa, kichwa mkononi. Usiku nililala ubavu. Nguo ni madera tu. Baada ya kuoga, napo ni baada ya kuruhusiwa na nesi, nilikausha eneo kwa kugusagusa na kitambaa safi, kisha nikalala chali robo saa nimeinua mkunjo wa tumbo upate hewa, mlango umefungwa, mama mkubwa akiwa mlinzi.

Arobaini ilipotimia, kidonda kilikuwa kimebaki mstari. Kwa nje nilionekana mzima, na hapo ndipo watu walianza kunipa ndoo. Ngozi inadanganya. Hufunga ndani ya wiki mbili hivi ikienda vizuri, lakini tabaka la ndani linaendelea kujiunga kwa miezi, nalo ndilo linalobeba uzito. Nilimwachia mume wangu ndoo na gunia la mkaa kwa muda mrefu, na aliyesema ninadeka nilimwacha aseme.

Ganzi juu ya kovu bado ipo. Nesi aliniambia mishipa midogo ya fahamu hukatwa, hujirudia taratibu, na kiraka kidogo kinaweza kubaki hivyo. Kuwasha kulikuja na kupita. Kona ile ya kushoto imeota kovu nene lililoinuka, na nilipolionyesha kliniki niliambiwa nisilisugue kwa limao wala vitunguu.

Nilipokwenda kuulizia uzazi wa mpango niliambiwa nipumzike angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, ambao ndio ushauri wa kawaida wa Shirika la Afya Duniani kwa mama yeyote, na kwamba mimba ijayo nijifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata nikitarajia kusukuma. Mkunga akaomba karatasi yangu ya kuruhusiwa. Nikadhani anataka tarehe. Alikuwa anatafuta mstari mmoja ulioandikwa na daktari: mfuko wa uzazi ulikatwa vipi. Mkato wa ngozi unaweza kulala na wa ndani ukasimama, na ule wa ndani uliosimama huweza kuachia wakati wa uchungu, hivyo kovu la nje halimwambii mkunga chochote. Wengi hutupa karatasi hiyo, au hufungia vitumbua. Yangu nimeitoa nakala mbili. Moja iko ndani ya daftari la kliniki, nyingine anayo mama mkubwa Pangani, ameiweka pamoja na hati ya shamba.